Unataka Kuwa DJ? Boom Liache, Anza na Masikio

Tangu nipige muziki kwenye bash ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza, kuna swali limenifuata kantini, maktaba, mpaka kwenye foleni ya kusaini boom: "Dada, na mimi nataka kuwa DJ wa hayo mambo yako. Nianzie wapi?" Wengi wakishauliza hawasubiri jibu. Wanaendelea wenyewe: ninunue mashine gani, nijiite nani, na nitampata wapi mtu wa kunipeleka Kampala.

Naomba nijibu hapa mara moja, ili tukikutana kantini tuongee mengine. Jibu langu ni fupi na wengi halitawafurahisha: muhula huu usinunue chochote. Anza na nyimbo ambazo watu wako wanazijua, kisha jifunze kuwatoa hapo kidogo kidogo mpaka kule unakotaka wewe. Sisi tunaosoma ualimu tumeimbiwa kanuni hiyo tangu wiki ya kwanza: kutoka yanayojulikana kwenda yasiyojulikana. Mimi niliijibu vizuri tu kwenye mtihani, halafu nikaenda kupiga muziki kinyume chake. Ilinigharimu pesa, na ikaniaibisha ukumbini Kasulu mbele ya ukoo mzima.

Hayo "mambo yangu" ni yapi?

Wenzetu wanauita muziki wa kielektroniki wa majaribio. Jina refu, jambo lenyewe si gumu. Ni muziki unaotengenezwa na kupigwa kwa mashine, na mpigaji wake hajafungwa na sheria kwamba lazima kuwe na ubeti, kiitikio na mtu wa kulia mapenzi. Anaweza kuchukua sauti ya cherehani akaifanya ngoma. Anaweza kuharakisha wimbo mpaka mwenye wimbo asiutambue.

Ukisikia hivyo utadhani ni mambo ya Berlin. Kumbe watu wa Berlin wenyewe wanayafuata Dar es Salaam. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko unaoitwa Sounds of Sisso, kazi za vijana wa studio ya Sisso kule Dar es Salaam. (Jina la lebo hiyo linatokana na neno la Kiganda la ile hamu ya ghafla ya kucheza. Kwa Kiswahili, usilitamke mbele ya shangazi yako.) Watu hao hao ndio wenye tamasha lililoanza mwaka 2015 karibu na Jinja, kando ya Mto Nile. Baada ya hapo Bamba Pana, Jay Mitta, Duke, Sisso mwenyewe na baadaye DJ Travella wakawa majina yanayotajwa na wapenzi wa muziki wa majaribio Ulaya. Jay Mitta albamu yake ya mwaka 2019 inaitwa Tatizo Pesa, jina ambalo mwanafunzi yeyote wa chuo hiki anaweza kulitia sahihi.

Muziki wenyewe ni singeli. Ile ile ya Msaga Sumu, ile ambayo jirani yako hosteli anakugongea ukuta upunguze. Mapigo yake yanazidi 200 kwa dakika, na kuna inayokaribia 300, wakati nyimbo nyingi za Bongo Fleva ziko kwenye nusu ya hapo au pungufu.

Sasa tazama walianza na nini. Kwa msikilizaji wa Ulaya singeli ni kitu kigeni kabisa. Lakini kule Manzese, Tandale na Mbagala haikuingia kama mgeni. Vijana walichukua vipande vya taarabu, ambavyo mama zao walikuwa wanavicheza tayari, wakaviharakisha na kuvirudiarudia. Spidi na kelele za kinanda walizirithi kwenye mchiriku, ule uliokuwa unapigwa kwa vinanda vidogo vya Casio. Kisha wakavipeleka kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, ambako hakuna aliyelipa kiingilio na hakuna mwenye sababu ya kukuvumilia ukimboa. Jambo geni lilijengwa juu ya jambo linalojulikana, na watu walewale ndio waliosahihisha mtihani.

Na vifaa? Kompyuta ya kawaida. Ma-DJ wengi wa singeli wanajulikana kwa kupiga na programu ya VirtualDJ, vidole vikiwa kwenye kibodi ileile tunayochapia ripoti za field. Kama ungemuuliza mtu wa aina hiyo "nianze na mashine gani", nadhani angekuangalia tu.

Boom la siku 35

Mimi sikuliona hilo. Nililiona jukwaa, taa, na yale mashine ya kuzungusha.

Ilikuwa mwaka wa pili, boom la kwanza. Tunajuana: posho ni 10,000 kwa siku, kwa hiyo zikiingia za siku 60 unashika laki sita kwa mpigo na kujiona tajiri kwa takribani masaa manne. Katika masaa hayo manne nilikwenda mjini kwa jamaa mmoja aliyekuwa anauza kontrola iliyotumika. Laki tatu na nusu. Somo langu la kufundishia ni Hisabati, kwa hiyo sina kisingizio: hizo ni siku 35 za kula.

Kontrola ilikuwa na upande mmoja uliokufa. Kompyuta yangu nayo ilikuwa dhaifu, nikiunganisha sauti inakatika kama redio yenye betri zilizoisha. Jamaa aliyeniuzia simu yake iliita siku mbili, ya tatu ikawa haipatikani.

Nikaishi kwa ugali maharage mara moja kwa siku mpaka nikashindwa, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo linanisuta. Nilimpigia mama Kasulu nikamwambia kompyuta imeharibika na mtihani umekaribia. Mama anauza maharage sokoni. Hakuuliza mara mbili. Alituma elfu themanini, akasema, "Soma mwanangu, mengine Mungu atajua." Nilikaa kitandani nimeshika simu. Kontrola iko chini ya kitanda imefunikwa kanga.

Siandiki haya ili unionee huruma. Naandika kwa sababu kila muhula kuna mwenzetu anaingia mkumbo huu, na bado tunashauriana kana kwamba mashine ndiyo inayomfanya mtu kuwa DJ. Boom wengi wetu tutalirudisha kwa makato ya mishahara ambayo hatujaiona. Ukilitoa, walau ujue unanunua nini.

"Tumekuja kucheza au kukimbia?"

Desemba ile ile kulikuwa na sendofu ya binamu yangu, Kasulu mjini. Baba mdogo alikuwa anatafuta wa kupiga muziki kwa bei nafuu, nikajitolea. Nilikuwa nimejiandaa mwezi mzima. Nilikuwa na orodha ya singeli kali na vitu vingine vya Kampala ambavyo nilikuwa na uhakika Kasulu hakuna aliyewahi kuvisikia. Hilo ndilo lilikuwa linanipa raha: kwamba hawajawahi kuvisikia.

Mambo yalianza vizuri kwa sababu MC aliniomba "Leka Dutigite", ule wimbo wa mwaka 2012 ambao akina Diamond, Mwasiti, Linex na wenzao wenye asili ya kwetu waliimba kama Kigoma All Stars. Ukiupiga Kasulu hata mzee mwenye mkongojo anasimama. Ukumbi ulijaa. Nikaona, ndiyo, sasa ni wakati wangu. Wimbo haujaisha, nikaukata, nikatupia kitu cha mapigo 210.

Watu walisimama kwanza, kama umeme umekatika. Halafu wakaanza kurudi kwenye viti, mmoja mmoja, wakinitazama kwa adabu ile inayouma kuliko matusi. Watoto peke yao ndio waliobaki wakirukaruka. Shangazi alikuja mpaka mezani kwangu, akaniinamia sikioni: "Mwanangu, sisi tumekuja kucheza au kukimbia?"

Sikushuka. Nilisema moyoni watazoea. Nikaongeza. Baada ya dakika kumi baba mdogo alimleta kijana mmoja mwenye flashi na simu, akamlipa pesa ambayo mimi nilikuwa naiokoa, na yule kijana akaanza na wimbo ambao kila mtu anaujua. Ukumbi ukajaa tena.

Njiani kurudi chuoni nilijifariji kwa maneno ambayo nimeyasikia kwa wasanii wengi: watu wa huku hawaelewi, mimi niko mbele ya wakati. Ni maneno matamu. Yanakuondolea kazi yote.

Kinu cha Kibondo

Aliyenifumbua macho hakuwa mtu wa muziki. Likizo iliyofuata nilipangiwa mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja Kibondo, nikakaa kwa bibi. Wiki ya kwanza nilifundisha uwiano kidato cha kwanza. Niliingia, nikaandika fomula ubaoni, nikaanza mifano. Darasa kimya. Kimya kile kile cha Kasulu.

Mwalimu mwenyeji alikuwa amekaa nyuma. Kipindi kilipoisha aliniambia taratibu, "Mwalimu, umeanza kujenga ghorofani. Ngazi iko wapi?"

Jioni ile nilikuwa nyumbani, bibi na jirani yake wanatwanga mihogo mikavu kwenye kinu kimoja, kwa zamu: huyu akiinua, yule anashusha. Sijui kwa nini siku hiyo ndiyo nilihesabu. Mapigo 60 kwa nusu dakika, yaani 120 kwa dakika, ukihesabu ya wote wawili. Ya bibi peke yake ni 60. Moja kwa mbili. Ule ndio uwiano niliokuwa nimeshindwa kuufundisha asubuhi. Ukiongeza mara mbili tena unapata 240, na hiyo ni spidi ya singeli. Bibi yangu, ambaye akisikia singeli anauliza nani kafa, alikuwa ameishika singeli mkononi tangu akiwa msichana, ila kwa hatua ndefu.

Kesho yake darasani nililigawa darasa: upande mmoja piga kofi moja, upande wa pili piga makofi mawili katika muda huo huo. Dakika tano, uwiano umeeleweka, na mwalimu wa darasa la jirani amekuja kuuliza kuna nini.

Na hapo ndipo nilipoielewa aibu ya Kasulu. Wimbo wa mapigo 100 na wimbo wa mapigo 200 ni majirani. Anayecheza taratibu anaweza kuendelea na hatua zake zile zile huku ngoma ya haraka ikiingia chini yake mara mbili zaidi. Hakuna anayelazimika kukimbia. Mimi nilikuwa nimeng'oa ngazi nikawalaumu watu kwa kutoruka.

Nikaomba kurekodi kinu kwa simu. Bibi alicheka akakubali. Jirani yake alikataa. Aliniuliza, "Hiyo sauti yangu unaipeleka wapi? Na huko itakuwa inafanya nini?" Sikuwa na jibu la maana. Nilifuta nilichokuwa nimekwishachukua, mbele yake, na siku nyingine nikarekodi kinu cha bibi na mimi mwenyewe nikiwa wa pili. Mikono iliota malengelenge. Lakini nililala vizuri.

Nalisema hili kwa sababu sisi wa Kasulu na Kibondo tumekulia katikati ya sauti za watu, na ni rahisi kuziona kama matunda ya porini. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, ndiyo redio niliyoisikia nikiwa mdogo. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996, na ya Nduta iliwekwa Kibondo, kwa hiyo rumba ya Kongo tunaijua na ngoma za Warundi tunazijua. Ngoma hizo UNESCO iliziandika mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni. Masikio yetu yana nchi tatu ndani yake, na huo ni mtaji ambao huwezi kuununua kwa boom. Ila mtu aliyekimbia kwao akabaki na ngoma yake tu, usimchukulie hiyo ngoma kimyakimya kwa simu ukaitie kwenye biti yako. Muulize. Akikataa, imekwisha.

Hatua zenyewe

Basi, kama bado unataka, fanya hivi.

Kwanza, tumia kompyuta uliyonayo au ya mwenzako wa chumbani. Programu ya Mixxx ni ya bure, na inapigika kwa kibodi. Audacity nayo ni ya bure. Hiyo ni ya kukatia na kusafishia sauti ulizorekodi. Kitu pekee ambacho ningekuruhusu ununue ni hedifoni ya kawaida, na uisikilize kwa sauti ya chini. Masikio hayana duka la spea.

Pili, chagua nyimbo 20 tu. Kumi ziwe zile ambazo watu wa kwenu wanazicheza bila kuombwa. Kumi ziwe zako, hizo za ajabu. Zijue kama unavyoijua njia ya kwenda nyumbani: mapigo mangapi kwa dakika, sauti inaingia wapi, ngoma inaachia wapi. Nyimbo nyingi zinahesabika kwa nne nne. Kwenye mapigo 100, nne moja inachukua sekunde 2.4, kwenye 200 inachukua sekunde 1.2. Maana yake nne mbili za haraka zinakaa kamili ndani ya nne moja ya taratibu. Ukishalisikia hilo kwa masikio, bila kutazama namba kwenye kioo, umeanza kuwa DJ.

Tatu, jenga ngazi. Kama wimbo wako wa ajabu una mapigo 190, tafuta unaojulikana wa 95. Kama huna, vuta spidi kidogo kidogo, 92 mpaka 95, ndani ya wimbo mzima. Ukifanya polepole hakuna atakayegundua. Usikate wimbo wa watu katikati. Uache umalize sentensi yake.

Nne, rekodi mahali unapotoka. Mashine ya kusaga, kengele ya shule, upepo kwenye migomba, konda akiita abiria. Sauti za watu, kwa ruhusa.

Tano, piga mbele ya watu watatu kabla ya mia tatu. Jirekodi, lala, usikilize kesho yake kama vile unasahihisha kazi ya mwanafunzi usiyemjua. Na siku utakapoanza kulipwa, masuala ya BASATA na COSOTA yanakuhusu kama yanavyomhusu msanii mwingine. Usingoje kukamatwa ndipo uulize.

Mnaonipinga

Rafiki yangu mmoja wa Sanaa amesoma rasimu ya makala hii akasema nimemgeuza DJ wa majaribio kuwa DJ wa harusi. Anasema kazi ya sanaa ya majaribio ni kumkera mtu kidogo, na ukianza kumbembeleza msikilizaji utaishia kupiga nyimbo zile zile za kila siku. Hoja yake ina uzito. Kuna ngazi ambazo watu hupanda mbili, wakaona pazuri, wakakaa hapo hapo maisha yote.

Lakini nimemjibu hivi: mwalimu anayeanzia na bei ya nyanya hakusudii kuishia kwenye nyanya. Anajua anakokwenda. Tazama Kampire, mmoja wa ma-DJ wanaojulikana zaidi kutoka Kampala. Mwaka 2024 alitoa mkusanyiko wa A Dancefloor in Ndola, akarudi kwenye nyimbo za zamani za Zambia na Kongo, zile za utotoni mwake Ndola. Hakuna anayesema amekuwa DJ wa harusi. Kukera ni rahisi. Mimi nilikera ukumbi mzima wa Kasulu kwa kubonyeza kitufe kimoja, na hakuna aliyeondoka na kitu.

Wengine mnasema si kazi ya msichana. Hapa sitaongea kwa ushujaa wa mitandaoni, maana usiku ni usiku. Mimi napatana usafiri wa kurudi kabla sijapatana malipo, na siendi mahali bila mtu ninayemfahamu. Ila muziki wenyewe hauna jinsia, na kubeba spika si kuzito kuliko kubeba debe la maharage, kazi ambayo hakuna aliyewahi kumkataza mama yangu.

Na wazazi? Mama aliposikia DJ alisikia disko, na amekwishajifunza kwetu kwamba chuoni "kudisco" ni kufukuzwa kwa kufeli. Ilibidi nimweleze. Nilipomweleza nikaona nimalizie na lile la kompyuta, la elfu themanini. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza hiyo mashine iko wapi. Nikamwambia chini ya kitanda. Akasema, "Ikae hapo hapo, uwe unaiona." Pesa yake nimeirudisha kidogo kidogo kwa kufundisha tuisheni. Kontrola bado iko pale.

Ombi kwa serikali yetu ya wanafunzi

Kwenye bash ya mwaka wa kwanza nilianza na Bongo Fleva ya mapigo 100 ambayo kila mtu alikuwa anaiimba. Chini yake nikaingiza kinu, taratibu, watu hawajui wanasikia nini lakini mabega yanaitika. Kinu kikawa mara mbili. Wimbo ukaondoka, kinu kikabaki peke yake, kisha ngoma ya 200 ikaingia. Wapo waliokaa. Lakini wengi walibaki, na kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alikuja kuniuliza ile ngoma ya mwanzo nimeitoa albamu gani. Nikamwambia ni kinu cha bibi yangu, Kibondo. Hakuniamini.

Yule kijana ana kompyuta, ana masikio. Hana mahali pa kujaribia. Spika za serikali yetu ya wanafunzi zinatoka stoo mara chache kwa muhula, siku za kampeni na siku za bash, na siku hizo tunakodi DJ kutoka mjini. Naomba viongozi wetu jambo moja lisilohitaji bajeti: Jumamosi moja kwa mwezi, saa nane mpaka saa kumi jioni, spika zitoke, ukumbi ufunguliwe, na anayeanza apewe dakika 15 mbele ya wenzake. Akiharibu, tumwambie. Itakuwa nafuu kuliko kujifunza kwenye sendofu ya binamu, na nafuu zaidi kuliko siku 35 bila kula.

Mimi Desemba narudi Kasulu. Kuna ndoa nyingine kwenye ukoo, na shangazi amesema nipige, lakini yule kijana wa flashi naye aitwe, akae pembeni kwa tahadhari. Nimekubali masharti. Nimeshamuuliza shangazi wimbo anaoupenda zaidi, na nimeuhesabu: mapigo 98.